Profondo rosso: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya Dario Argento ya 1975

Majibu ya mwanzo yanamfaa hata ambaye hajaiona filamu. Ukifika palipoandikwa kwamba mtama unamwagwa, na bado hujaiangalia, ruka hadi maswali mawili ya mwisho.

Profondo rosso ni filamu gani?

Ni filamu ya Italia iliyotoka Machi 1975. Iliongozwa na Dario Argento, ambaye muswada aliuandika na Bernardino Zapponi, mtu aliyezoea kumwandikia mwongozaji Federico Fellini. Kwa watazamaji wa Kiingereza inajulikana kama Deep Red. Ni hadithi ya mauaji yanayofuatana, na ya mtu mmoja anayemtafuta muuaji kabla zamu yake haijafika.

Watu wanaozifuatilia sinema za aina hii wamegawanyika: wapo wanaosema kazi bora ya Argento ni Suspiria ya 1977, na wapo wanaosema ni hii. Mimi nipo upande wa pili. Suspiria ina rangi kali na umaarufu mkubwa zaidi, ila Profondo rosso ina fumbo, na fumbo lenyewe limechezwa bila wizi. Hilo ndilo linaloifanya iangaliwe tena na tena na watu ambao tayari wanamjua muuaji.

Hadithi inahusu nini? Nisimuliwe bila kutajiwa muuaji.

Marcus Daly ni Mwingereza, mpiga piano wa jazi anayefundisha muziki Italia. Usiku mmoja anamkuta rafiki yake Carlo, naye mpiga piano, amekaa chini kando ya chemchemi ya uwanja mtupu wa mji, amelewa chakari. Wanapiga soga. Ukelele unasikika. Baadaye kidogo Marc anainua macho, na kwenye dirisha la jengo analoishi yeye mwenyewe anamwona jirani yake, Helga Ulmann, akibamizwa kwenye kioo hadi kinavunjika. Anapanda ngazi mbio, anapita kwenye ujia uliojaa picha za kuchora, anamkuta amekwisha kufa.

Huyo Helga alikuwa na kipaji cha kusoma mawazo ya watu. Muda mfupi kabla ya kifo chake alikuwa jukwaani mbele ya hadhira, na ghafla akahisi kwamba ndani ya ukumbi ule yumo mtu aliyeua na atakayeua tena. Mtu huyo alikuwa amekaa palepale. Alisikia yote, akainuka, akatoka.

Polisi wanapomhoji Marc, kuna jambo linamkera na halimtoki kichwani: alipopita ujiani aliona picha fulani, na sasa aliporudi haipo. Au ndivyo anavyodhani. Mwandishi wa habari Gianna Brezzi naye anamchapisha gazetini kama shahidi aliyemwona muuaji, na kwa hiyo muuaji anajua wa kumfuata. Msomaji aliyekulia na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla asitegemee mpelelezi mtulivu mwenye kiko. Marc ni mtu wa kawaida, mwoga kiasi, mbishi kupita kiasi, na sehemu kubwa ya upelelezi wake inasukumwa na hasira dhidi ya kumbukumbu yake mwenyewe.

Giallo ni kitu gani?

Mwaka 1929 kampuni ya uchapishaji ya Mondadori ilianza kutoa mfululizo wa riwaya za upelelezi zenye majalada ya manjano, na Waitalia wakazoea kuiita hadithi yoyote ya uhalifu kwa jina la rangi hiyo, giallo. Sinema ilipolichukua neno hilo, ilikuja na vikolombwezo vyake: muuaji asiyeonekana uso, glavu nyeusi za ngozi, koti la mvua, kofia, majumba ya kifahari, wanawake waliovalia vizuri, na shahidi aliyeona kitu asichokielewa. Mwongozaji Mario Bava ndiye aliyeweka msingi kwa filamu mbili, ya 1963 na ya 1964. Ile ya pili, Sei donne per l'assassino, inahusu mauaji katika nyumba ya mitindo, na glavu na koti zimekuwa sare ya muuaji tangu hapo.

Na Argento ni nani?

Mwana wa Roma, amezaliwa 1940. Baba yake, Salvatore Argento, alikuwa mtayarishaji wa filamu na ndiye aliyeitayarisha hii. Dario alianza kama mhakiki wa sinema kwenye gazeti la Paese Sera, kisha akashiriki kubuni kisa cha filamu ya C'era una volta il West ya Sergio Leone, pamoja na Bernardo Bertolucci. Mwaka 1970 aliongoza filamu yake ya kwanza, L'uccello dalle piume di cristallo, yaani “ndege mwenye manyoya ya kioo”, ikavuma, na ghafla kila mtayarishaji Italia akataka giallo yenye jina la mnyama. Yeye mwenyewe alitoa nyingine mbili, ya paka na ya nzi, akachoka, akajaribu kichekesho cha kihistoria mwaka 1973 ambacho watu hawakukijali. Profondo rosso ndiyo filamu aliyorudi nayo nyumbani. Hata hii ilikaribia kupewa jina la mnyama: mradi ulipoanza uliitwa kwa Kiitalia “chui milia mwenye meno ya jambia”. Afadhali walilitupa.

Inatisha sana? Naweza kuiangalia na watoto?

Na watoto, hapana. Damu ni nyingi, ingawa rangi yake ni nyekundu ya kupaka kiasi kwamba mtazamaji wa leo ataizoea haraka. Kinachouma zaidi ni namna watu wanavyoumia. Zapponi na Argento walikaa wakafikiri: watazamaji wangapi wamewahi kupigwa risasi? Wachache sana. Lakini nani hajawahi kuungua na maji ya moto, au kugonga mdomo kwenye pembe ya meza? Kwa hiyo mmoja wa waathiriwa anatumbukizwa uso kwenye beseni la kuogea lililojaa maji yanayofuka mvuke, na mwingine anabamizwa meno kwenye pembe za samani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mwili wako unajua maumivu hayo kabla akili haijasema kwamba ni sinema.

Pia kuna mwanasesere. Anatokea mara moja tu, akitembea kwa mashine, akicheka, na sitasema anatokea lini. Aliyehusika na ufundi wa aina hiyo kwenye filamu hii ni Carlo Rambaldi, ambaye miaka iliyofuata alikwenda Marekani akashinda Oscar kwa kazi za Alien na E.T.

Ilipigwa picha wapi? Ule mji ni Roma?

Sehemu kubwa ni Torino, ijapokuwa baadhi ya picha zilipigwa Roma na kwingineko. Argento ameupenda Torino maisha yake yote, na ukiitazama filamu unaona sababu: barabara zilizonyooka, nguzo ndefu, viwanja vikubwa ambavyo usiku havina hata paka. Uwanja wa chemchemi ni Piazza C.L.N., na sanamu mbili kubwa zilizopo pale zinawakilisha mito Po na Dora. Carlo amekaa chini ya mmojawapo, mdogo kama kisoda. Ukumbi wenye mapazia mekundu ambamo Helga anahisi uwepo wa muuaji ni Teatro Carignano, wa huko huko Torino.

Baa ya Blue Bar inayoonekana pembeni mwa uwanja usiende kuitafuta. Ilijengwa kwa ajili ya filamu, na imenakili Nighthawks, ule mchoro wa Edward Hopper wa 1942: kioo kirefu, taa kali ndani, watu wasioongea. Wamesimamishwa kama sanamu kiasi kwamba baa nzima inaonekana kama picha iliyotundikwa ukutani. Filamu inayohusu picha ambayo si picha haikuweka baa hiyo pale kwa bahati.

Ile nyumba ya kifahari yenye chumba cha siri ipo kweli?

Ipo. Inaitwa Villa Scott, iko kwenye vilima vya Torino, na ilisanifiwa na Pietro Fenoglio mwaka 1902 kwa mtindo ambao Waitalia wanauita Liberty: madirisha ya mviringo, vyuma vilivyopindwa kama majani, ngazi zinazojinyonganyonga. Wakati wa kupiga picha ilikuwa mikononi mwa masista walioendesha bweni la wasichana. Inasimuliwa kwamba watayarishaji waliwalipia masista na wanafunzi wao mapumziko ya ufukweni Rimini ili nyumba ibaki tupu. Watoto walikwenda kuogelea, na huku nyuma watu wakawa wanabomoa lipu kwenye kuta kutafuta maiti ya kuigiza.

Ndani ya nyumba hiyo kuna kipande kirefu ambacho Marc yuko peke yake na kipande cha kioo mkononi, anakwangua lipu. Kidogo kidogo mchoro wa mtoto unajitokeza ukutani: mtu, kisu, damu. Anaridhika, anaondoka. Sisi tunabaki nyuma kwa sekunde chache, na kipande kingine cha lipu kinadondoka chenyewe, kikifunua mtu mwingine ambaye Marc hakumwona.

Muziki ule ni wa nani?

Wa pande mbili: Giorgio Gaslini, mtunzi wa jazi mwenye heshima zake, na bendi ya vijana iliyoitwa Goblin. Argento alikuwa na ndoto ya kuwapata Pink Floyd, haikuwezekana. Gaslini alianza kazi, akakwaruzana na Argento, akaondoka. Vijana, akiwemo Claudio Simonetti kwenye vinanda, Massimo Morante kwenye gitaa na Fabio Pignatelli kwenye besi, wakaachiwa wamalizie kwa muda mfupi sana. Kabla ya hapo walikuwa hawajulikani, na albamu yao ya awali ilitoka kwa jina la Cherry Five.

Matokeo yake ni ule wimbo mkuu unaozungukazunguka kwa noti chache, halafu kinanda kama cha kanisani kinaingia na kukufunika. Sikio lililozoea Tubular Bells ya Mike Oldfield, iliyotumika kwenye The Exorcist, litatambua ujamaa. Albamu iliuza nakala zaidi ya milioni moja, na Goblin wakawa jina kubwa Italia.

Kazi ya Gaslini haikutupwa yote. Wimbo wa kitoto, ule wa “la la la”, ni wake, na kwa maoni yangu ndio unaotisha zaidi. Muuaji anaupiga kwenye kinasa sauti kabla ya kuua. Profesa Giordani, mtaalamu wa akili katika hadithi, anatoa maelezo yanayoingia akilini: huyu mtu hawezi kuua hivi hivi, inambidi kwanza airudishe hali ya siku ile ya kwanza, na wimbo ndio mlango wake. Kwa hiyo mtazamaji naye anafundishwa. Wimbo ukianza, unajua. Kipande kizuri kuliko vyote ni pale Marc akiwa nyumbani anatunga muziki, anausikia wimbo, na badala ya kukimbia anaendelea kubonyeza piano kwa mkono mmoja ili aliyeingia asijue kuwa amesikika.

Mikono yenye glavu nyeusi ni ya mwigizaji gani?

Ni ya Argento mwenyewe. Ana desturi ya kuigiza mikono ya wauaji wake, na hapa pia aliivaa glavu. Anasema ni rahisi kuliko kumfundisha mtu mwingine, wengine wanasema anafurahia. Kuna pia zile picha za karibu mno za vitu juu ya kitambaa: gololi, wanasesere wa uzi, visu, kamera ikitambaa juu yake kama sisimizi. Mpiga picha mkuu, Luigi Kuveiller, alifanya kidude cha kuchezea kionekane kikubwa kama nyumba. Hazielezi chochote, na hazijaribu. Tunaambiwa tu kwamba ndani ya kichwa cha muuaji utoto haujaisha.

Mbona kuna vichekesho? Nilidhani ni filamu ya kutisha.

Gianna, aliyeigizwa na Daria Nicolodi, na Marc, aliyeigizwa na David Hemmings, wanataniana filamu nzima. Marc anashikilia kwamba wanawake ni dhaifu, Gianna anamkalisha mezani wapimane nguvu za mikono, na mwanamume anashindwa. Gari dogo la Gianna lina kiti kibovu cha abiria, kwa hiyo Marc anaposafiri naye anazama chini kichwa kikiwa usawa wa dashibodi, huku Gianna amekaa wima akimtazama kutoka juu. Watu wengine wanaona sehemu hizi zinachelewesha hadithi. Nakataa. Marc ni mtu anayejiamini kwamba anaona sawasawa, na filamu inatumia muda wote huo kutuonyesha kwamba hata mtu aliye mbele yake hajamwona vizuri.

Nicolodi na Argento walikuwa wapenzi kipindi hicho, na binti yao Asia alizaliwa Septemba 1975, miezi michache baada ya filamu kutoka.

Nitafute toleo lipi?

Toleo kamili la Kiitalia lina dakika 126 hivi. Lile lililokatwa kwa soko la nje lina dakika 105 au karibu na hapo, na kilichokatwa zaidi ni hayo mazungumzo ya Marc na Gianna. Tafuta refu. Filamu imesafishwa na kutolewa upya kwa ubora wa 4K, hivyo hakuna sababu ya kuhangaika na nakala iliyofifia.

Kuhusu lugha: kama ilivyokuwa kawaida ya sinema za Italia enzi hizo, sauti ziliingizwa baadaye studio. Ukiangalia midomo utaona haiendani na maneno, na usilalamike, hata Waitalia wanasikia hivyo hivyo. Vipande vilivyokatwa havikuwahi kuingizwa Kiingereza, ndiyo maana kwenye baadhi ya nakala mtu anaongea Kiingereza, mara ghafla anageuka Kiitalia. Kwa sisi tuliozoea filamu zenye DJ anayesimulia juu ya sauti, hilo si tatizo la kumkosesha mtu usingizi. Mimi napendelea Kiitalia na maandishi ya tafsiri chini.

KUANZIA HAPA MTAMA UNAMWAGWA

Haya, muuaji ni nani?

Marta, mama yake Carlo. Miaka mingi iliyopita mumewe alitaka kumrudisha hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku ya Krismasi, wimbo wa watoto ukiwa unacheza, akamchoma kisu mbele ya mtoto wao mdogo. Maiti ikajengewa ukuta ndani ya chumba cha ile nyumba. Ndiyo tukio linalokatiza majina mwanzoni mwa filamu: mti wa Krismasi, kivuli, ukelele, kisu kinadondoka, viatu vya mtoto vinakisogelea.

Wengi wanakosea hapohapo. Wanaona kisu na viatu vya mtoto, wanahitimisha kwamba mtoto aliua. Filamu haikusema hivyo popote.

Ni kweli kwamba muuaji anaonekana mwanzoni kabisa?

Ni kweli, na hili ndilo jambo ninaloulizwa kuliko yote.

Marc anapoingia kwa Helga, anapita ujia mrefu wenye michoro ya nyuso nyingi, za rangi ya mauti, zimebanana ukutani. Kamera inapita naye kwa mwendo ule ule wa haraka. Mwisho wa filamu anarudi pale, anasimama, na anagundua kwamba ile “picha iliyopotea” haikuwa picha. Ilikuwa kioo, na ndani yake uso wa Marta aliyekuwa amejibanza, akisubiri apite. Kwa kuwa nyuso zilizomzunguka zilikuwa za kuchorwa, jicho la Marc likamhesabu kuwa mmoja wao.

Sasa rudisha filamu nyuma, kwenye mara ile ya kwanza. Simamisha picha anapopita. Yumo. Uso mweupe wa mwanamke mzee, upande mmoja wa fremu, kwa muda usiotimiza hata pumzi moja. Si picha iliyoongezwa baadaye kwenye kumbukumbu ya Marc, ni ile ile ambayo mimi na wewe tuliiona tukiwa tumekaa na macho yetu mawili. Waongozaji wengi wa filamu za fumbo wanamficha muuaji nyuma ya mlango, halafu wanamtoa kama mganga anavyotoa hirizi mfukoni. Argento alimweka mbele yetu, kisha akabeti kwamba hatutamwona. Akashinda.

Kumchagua Hemmings nako kulikuwa na maana. Mwaka 1966 alikuwa amecheza kwenye Blow-Up ya Michelangelo Antonioni, akiwa mpiga picha anayegundua mauaji ndani ya picha aliyoipiga mwenyewe. Argento alimchukua mtu yule yule akamgeuzia swali: kule ushahidi upo kwenye karatasi na unazidi kufifia kila ukiukuza, huku ushahidi upo kichwani na mwenye kichwa ameupa jina lisilo lake.

Kama ni hivyo, Carlo ana hatia gani?

Ya kumlinda mama yake. Alibeba siri ile tangu utotoni, na pombe yote anayokunywa inaelezeka kwa hilo. Mchoro wa ukutani na ule wa kwenye kumbukumbu za shule ni wake. Karibu na mwisho anamshikia Marc bastola, kisha anakimbia, ananaswa na lori la takataka, anaburutwa barabarani na kumalizikiwa chini ya gurudumu la gari. Kipande hicho ni kigumu kukiangalia.

Hapo filamu inakupa nafasi ya kuridhika: muuaji amekufa, twende nyumbani. Marc naye anaridhika, kwa muda. Halafu anakumbuka kitu ambacho sote tulikiona: ukelele ulipotoka kwenye nyumba ya Helga, Carlo alikuwa uwanjani akiongea naye. Hawezi kuwa mahali pawili. Ushahidi wa kumtoa Carlo ulitangulia kuliko mauaji yenyewe.

Carlo aliigizwa na Gabriele Lavia, kwa uchungu ambao haukutegemewa kwenye filamu za namna hii. Ana mpenzi wa kiume, Massimo, ambaye Argento alimpa mwanamke, Geraldine Hooper, amwigize. Hapa tena jicho linaambiwa kitu kimoja na kuona kingine.

Mama mzee ni mwigizaji gani? Mbona nyumba yake imejaa picha za sinema?

Ni Clara Calamai, nyota wa sinema za Italia za miaka ya 1940. Ndiye aliyecheza Ossessione ya Luchino Visconti mwaka 1943. Picha zilizotundikwa nyumbani kwa Marta, ambazo Marta anazionyesha kama za enzi zake za uigizaji, ni picha halisi za Calamai mwenyewe. Marc anapokwenda pale, mama anamwita kwa jina lisilo lake, anampangia fani isiyo yake, anachekesha. Tunamwonea huruma, tunampita. Hii ilikuwa filamu ya mwisho ya Calamai.

Profesa Giordani aligundua nini bafuni?

Amanda Righetti, mwandishi wa kitabu kilichozungumzia ile nyumba, alipokuwa anakata roho baada ya kuunguzwa, aliandika kwa kidole kwenye mvuke uliofunika vigae vya ukuta. Mvuke ulipokauka, maandishi yakatoweka, na polisi hawakuona kitu. Giordani alipokwenda aliona mkono wa marehemu umenyooka kuelekea ukutani, akashangaa. Akafungulia maji ya moto. Bafu likajaa mvuke, na herufi zikarudi moja moja. Alianza kusoma, akaelewa, akapanga kumwambia Marc. Usiku ule ule mwanasesere akamtembelea.

Ni kipande kifupi, hakina muziki mkubwa wala damu, na ndicho cha kipelelezi zaidi katika filamu nzima.

Kuna mashimo kwenye hadithi?

Yapo. Bibi wa umri ule kupata nguvu za kumwinamisha mtu mzima ndani ya beseni ni jambo la kuvumiliwa tu. Helga ana kipaji cha kusoma akili, na baada ya dakika ishirini za mwanzo filamu inasahau kabisa mambo ya ajabu, inakuwa ya upelelezi mtupu. Na muuaji anafika kila mahali kabla ya Marc bila kuelezwa amejuaje. Mimi hayanisumbui, kwa sababu shimo ambalo lingeiua filamu, yaani la muuaji kutokea hewani, halipo.

Mwisho wa Marta, mkufu wake kunaswa kwenye lifti na kumkata kichwa, umefanyiwa mzaha sana. Sawa. Lakini angalia picha ya mwisho kabisa: uso wa Marc ndani ya dimbwi la damu sakafuni, majina yakipita juu yake. Hatimaye amejitazama kwenye kitu kinachoakisi na amejua kwamba kinaakisi.

MTAMA UMEKWISHA KUMWAGWA

Nimekuta filamu inaitwa Suspiria 2. Ni mwendelezo?

Hapana. Suspiria ilipovuma Japani, wasambazaji wa huko waliichukua Profondo rosso, iliyokuwa na umri wa miaka kadhaa tayari, wakaiuza kama sehemu ya pili. Hadithi hizo hazina uhusiano wowote zaidi ya mwongozaji na bendi.

Nikimaliza hii niangalie ipi?

Kama ulichopenda ni fumbo, rudi kwenye L'uccello dalle piume di cristallo ya 1970. Nayo ina shahidi aliyeona tukio lote na kulielewa kinyume, ingawa bado ni kazi ya mtu anayejifunza. Kama ulichopenda ni rangi na mavazi, Sei donne per l'assassino ya Bava. Kama ni Goblin, basi Suspiria, na uiongeze sauti. Tenebre ya 1982 iache kwanza mpaka umeziona hizo tatu: inacheza na mazoea ya giallo, na asiyeyajua atapitwa na nusu ya ujanja wake.